Kitenge Kisichofuliwa

Mama aliniomba kitenge ambacho hakijafuliwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwangu hapa Makambako, anamenya viazi, mwanangu Ayubu yuko miguuni pake anachezea maganda, akasema kama mtu anayeomba chumvi:

"Nitafutie kitenge chako kimoja, kile unachojifunga ukipika. Usikifue. Jumamosi naondoka na huyu kijijini. Akirudi, ziwa atakuwa amelisahau."

Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, nakoroga uji wa ulezi. Nikaacha kukoroga.

"Nani amesema anaondoka?"

"Tumeshaongea na baba yake."

Baba Ayubu anafanya kazi Njombe, kwenye mashamba ya parachichi, anarudi nyumbani Jumapili. Kumbe wiki nzima watu wawili walikuwa wamekaa kwenye simu wanapanga safari ya mwanangu, na mimi niliyemzaa naombwa kitambaa. Uji ukaungua. Harufu ya ulezi ulioungua ikachanganyika na harufu ya kitenge changu mwenyewe, moshi na maziwa na jasho la mgongoni, na mama akasema, "Ni wiki mbili tu."

Hapo nikaweka mwiko chini, kwa sababu hiyo harufu naijua, na hizo wiki mbili nazijua pia.

Kwa wenzangu ambao makwao hakuna jambo hili: kwetu mtoto akigoma kuacha ziwa, anapelekwa kwa bibi yake. Anafungashiwa nguo ya mama yake isiyofuliwa ili alale nayo. Analia siku tatu, nne, wengine wiki, kisha ananyamaza, anaanza kula ugali kama watu, na kila mtu anasema bibi fulani ana mkono mzuri wa kuachisha. Sisemi desturi hii ni mbaya kwa kila nyumba. Wako walioachishwa hivyo na leo wana ndevu na hawana kinyongo na mtu. Mimi nasema ya nyumba yetu.

Nilikuwa na miaka saba. Tulikuwa tunakaa hapahapa Makambako, chumba kimoja upande wa reli, ambako upepo wa jioni unakuja na vumbi hadi kwenye mboga. Baba alikuwa porini kwenye kambi za kupasua mbao, tukimwona kwa nadra, ananukia utomvu wa misindano. Mama alikuwa anapika kwenye mgahawa wa mtu pale stendi. Mdogo wangu Neema alikuwa na mwaka na miezi saba, na alikuwa ananyonya kama ndama. Mama alimpaka pilipili, Neema akakunja uso, akanyonya. Akapaka shubiri, akanyonya. Siku moja akapaka masizi ya sufuria, ziwa zima jeusi, akamwambia, "Ona, dudu!" Neema akalitazama hilo dudu, akalifuta taratibu kwa kiganja, akaendelea. Tulicheka mpaka mama akakaa chini. Nakumbuka kicheko chake siku ile. Nakumbuka pia alivyokikata ghafla, akashika kichwa, akasema, "Huyu ataniua. Mwenye mgahawa kasema nisije tena na mtoto."

Mimi nilikuwa na jambo langu. Mwezi uleule nilikuwa naanza darasa la kwanza. Sare ilikuwa tayari imeshonwa: sketi ya bluu yenye marinda, shati jeupe. Ilitundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, na kila asubuhi nilipanda kitandani nikaishika pindo. Kuivaa ilikuwa marufuku mpaka siku yenyewe. Nilikuwa naivaa mama akienda choo.

Basi shule zikiwa zimebaki siku chache kufunguliwa, mama akambeba Neema, tukaenda kwa bibi, mama yake mzazi, kwenye kijiji kilicho juu kidogo ya Mdandu. Tuliposhuka kwenye gari tukapanda kilima kwa miguu, mvua ya manyunyu, mahindi yamefika magotini pande zote mbili za njia. Mama akanishika mkono. Kunishika mkono halikuwa jambo lake, alikuwa mtu wa kutembea mbele. Akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba Neema aliyelala mgongoni angeelewa:

"Wewe ni mkubwa sasa. Nakwambia siri ya wakubwa."

"Eeh, mama."

"Kesho naondoka. Huyu akiniona naondoka atalia mpaka azimie. Kwa hiyo nitachukua ndoo, nitajifanya nakwenda mtoni. Wewe mchezeshe. Akiuliza, mwambie mama kaenda mtoni. Jumamosi nakuja kukuchukua wewe, Jumatatu unavaa sare yako. Huyu atabaki na bibi mpaka azoee. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Utalia?"

"Silii. Mimi siyo Neema."

Akaniminya vidole. Mnajua nilijisikiaje? Nilijisikia kama nimepewa funguo za nyumba. Duniani kulikuwa na watu wa aina mbili, wanaodanganywa na wanaojua, na mimi nilikuwa nimevushwa upande wa pili nikiwa na miaka saba.

Kesho yake mambo yakaenda vilevile kama alivyosema. Asubuhi na mapema mama alibeba begi lake akalificha nyuma ya mianzi inayogemwa pombe ya ulanzi, pale njia ya mtoni inapokata. Akarudi, akala kiazi, akachukua ndoo ya bibi, ile ya bluu yenye mpini wa waya, akasema kwa sauti kubwa, "Mama anakwenda mtoni, eeh?" Mimi nikamgeuza Neema akatazama kuku. Nikaruka kama chura. Nikajifanya naanguka. Neema akacheka. Nilipotazama tena, njia ilikuwa tupu.

Baadaye kidogo bibi akaniambia, "Kaichukue ndoo yangu pale kwenye mianzi." Nikaenda. Ilikuwa imesimama wima, tupu, pembeni nyasi zimelala pale begi lilipokuwa. Na mimi, kwa akili yangu mwenyewe, bila kutumwa, nikateremka nayo hadi mtoni nikaijaza nusu, nikarudi nayo kichwani, ili Neema aone maji aamini. Bibi akanitazama, akatikisa kichwa, akasema kwa Kibena neno ambalo maana yake ni kwamba huyu ni mwerevu kuliko mama yake. Nililala siku hiyo nimejaa sifa.

Neema hakulala. Alilia akiwa amekumbatia kitenge cha mama, cha kahawia chenye ndege wa njano, akikisugua puani. "Mama?" Mtoni. "Mama?" Kaenda mtoni, anakuja. Alikuwa ananishika kidole ananivuta kuelekea njia ya mtoni, namrudisha. Siku ya nne alinyamaza, kama wanavyosema. Alikaa kwenye kizingiti na kitenge shingoni akaacha kuuliza. Bibi akafurahi. Mimi nikahesabu siku, ikafika Jumamosi.

Jumamosi nilioga asubuhi. Nikakaa kwenye jiwe ambalo unamwona mtu akiwa bado chini kabisa kwenye kona. Walipita watu wa kanisani, akapita mzee na mbuzi wake, ikapita mvua. Bibi akaniita nile. Nikasema nitakula Makambako.

"Barabara imeharibika kwa mvua," bibi akasema. "Wiki ijayo."

Wiki iliyofuata mgahawa ulikuwa na wateja wengi. Iliyofuata, sikumbuki sababu. Bibi alikuwa mtu mwema, msinielewe vibaya, lakini alikuwa mkulima, na mkulima akipata mikono miwili nyumbani haulizi sana imetoka wapi. Yeye akishika jembe kwenda shamba, mimi nabaki na mtoto. Kufikia mahindi yanachanua, ratiba ilikuwa imeshakuwa yangu. Nikiamka, nachochea moto, nampikia Neema uji, naupuliza mpaka kichwa kinaniuma. Namvua nepi, naifua kwenye maji yanayouma vidole, naianika kwenye ua. Namfunga mgongoni kwa mbeleko, naenda kuchota maji, narudi. Namlaza. Akilala, nafagia uwanja. Akiamka, naanza upya. Leo wenzangu wananiambia, "Huyu ni mtoto wako wa kwanza tu, mbona una mazoea hivi?" Nacheka tu.

Njia ya shule ya kijiji ilipita mbele ya ua wa bibi. Asubuhi moja wasichana watatu walisimama kunitazama, sweta zao za kijani, daftari zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni.

"Wewe husomi?" mmoja akauliza.

"Mimi nasoma Makambako."

"Makambako gani na umebeba mtoto?"

"Jumamosi naondoka."

Wakacheka, wakaondoka wanaimba, "Mama Jumamosi! Mama Jumamosi!" Jina hilo lilinikaa. Hata miaka ya mbele, tuko shule moja na wasichana walewale, nilikuwa Mama Jumamosi.

Kitenge ndicho kilichonipa hofu zaidi. Harufu ya mama ilikuwa inaisha. Nilikuwa nanusa kila siku nikiona inapungua kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Bibi alitaka kukifua, nikakikalia juu. "Kimechakaa kwa uchafu," akasema. "Acha!" nikamwambia, mimi ambaye sikuwahi kumwambia mtu mzima acha. Kwa akili yangu, harufu ikiisha Neema atajua kwamba mama hayuko mtoni, na mimi ndiye niliyemwambia. Nikatafuta dawa. Nikaanza kujifunga mimi kile kitenge mchana, nikipika, nikichota maji, nikikimbizana na kuku, ili kipate jasho na moshi, usiku nampa. Na ilifanya kazi. Alikuwa anakivuta puani, anafumba macho, analala.

Siku moja akaniita mama.

"Sema dada," nikamwambia. "Mama yuko mtoni."

"Mama," akasema, ananishika shavu.

Nilimsahihisha siku hiyo na kesho yake. Siku ya tatu niliacha. Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo najua mama yangu hajanisamehe mpaka leo: nilipenda. Hakuna kitu kingine kilichokuwa changu pale. Sare ilikuwa Makambako juu ya msumari.

Mama alikuja wakati wa sakitu. Majani ya maharage ya bondeni yalikuwa yameungua kwa baridi, asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe na zinakwaruza miguu. Nilikuwa uani namlisha Neema, nikasikia, "Kamwene," sauti yake, anamwamkia bibi. Nilisimama na bakuli mkononi, nikashindwa kukimbia. Alikuwa amenenepa. Amevaa sweta jipya la kijivu. Akachuchumaa, akanyoosha mikono kwa Neema.

"Njoo, mwanangu. Njoo kwa mama."

Neema akamtazama. Akanitazama mimi. Akazunguka nyuma yangu, akajifunika uso kwa ncha ya kitenge nilichokuwa nimejifunga, akapiga yowe kama ameona nyoka.

Mama alibaki amenyoosha mikono. Uso wake sitausahau. Kisha akaninyooshea kidole, siyo mikono, kidole. "Umemwambia nini mwanangu?"

Nilimwambia uko mtoni. Ndivyo nilivyojibu. Akadhani namjibu kwa jeuri.

Alikaa siku mbili. Alijaribu kumwogesha, Neema akalia akaniita. Alijaribu kumlaza, akalia akaniita, na jina aliloniita ni lile. Mama alinitoa nje ya chumba. Nilisimama ukutani nasikia mtoto anagonga mlango kwa kiganja. Baadaye mama na bibi walikaa jikoni muda mrefu wakiongea Kibena cha haraka, nami nilifurahi, maana nilidhani wanapanga safari yangu.

Asubuhi ya tatu mama alikuwa mpole ajabu. Alinisuka mistari minne, akaniambia, "Kachote maji, ukirudi tunajiandaa." Nikachukua ndoo ya bluu, kitenge nikamwachia Neema. Nilipofika kwenye mianzi nikaliona begi. Begi la mama, limesukumwa nyuma, ncha ya sweta la Neema inachungulia kwenye zipu.

Sasa sikilizeni nilivyolisoma hilo begi, maana mpaka leo nikilikumbuka najionea aibu na huruma kwa pamoja. Nilijua begi nyuma ya mianzi maana yake nini. Maana yake kuna mtu anadanganywa. Na anayedanganywa ni mtoto mdogo, kwa sababu wakubwa huambiwa. Kwa hiyo nikaona: mama ameshindwa na Neema, anamwacha tena kwa bibi, anaondoka na mimi. Safari hii hakunipa siri mapema kwa sababu anajua nimeshazoea, nitaelewa mwenyewe. Sweta la Neema nikaliona kwa macho na akili ikalikataa. Nikamwonea huruma mdogo wangu kiasi cha hatua kumi. Baada ya hapo nikaanza kukimbia. Niliteremka bondeni naimba. Mtoni nilisugua miguu kwa jiwe, visigino, katikati ya vidole, maji ya barafu yale, nisiingie kwenye gari na miguu ya kijijini. Nilikuwa tayari kumwacha. Mtoto aliyekuwa ananiita mama, nilikuwa tayari kumwacha nyuma ya kuku wa bibi na nisigeuke.

Nikajaza ndoo pomoni. Kupanda, nikapita kwenye mianzi. Begi halikuwapo. Nyasi zimelala.

Uwanja ulikuwa kimya. Mtoto mdogo akiwepo nyumbani kuna sauti tu, hata akilala kuna sauti, kuna kijiko kinagongwa, kuna kuku anafukuzwa. Pale kuku walikuwa wanadonoa kwa raha zao. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi, hakuinua kichwa.

"Bibi, mama yuko wapi?"

Bibi, kwa mazoea ya miezi yote ile, akafungua mdomo akasema, "Mama yako kaenda mto—"

Akaishia hapo. Nilikuwa nimesimama mbele yake na maji ya huo mto kichwani, yananichuruzika shingoni.

Niliingia ndani kutafuta kitenge. Mama alikuwa amekibeba. Amemchukua Neema na ameibeba na harufu yangu, ili mtoto alale njiani. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kilichofanyika asubuhi ile, na nilikielewa hapa, nikiwa na mimba ya Ayubu, nakunja nguo: Neema alikuwa anaachishwa kwa mara ya pili. Safari hii ziwa lilikuwa mimi.

Niliishi kwa bibi mpaka namaliza darasa la nne. Shule nilianza mwaka uliofuata, sare ikatumwa ndani ya boksi la sabuni, siyo ile. Ile ya msumarini niliiona kwenye picha miaka baadaye: Neema siku yake ya kwanza shuleni, sketi ya bluu yenye marinda, kiuno kimepunguzwa kwa pini.

Niliporudi Makambako hatukuzungumza habari hiyo. Sekondari nilisoma Njombe, nikakaa bweni, nikamaliza kidato cha nne, nikajifunza cherehani, nikaolewa, nikazaa. Mara moja tu nilimgusia Neema kwa simu. Akacheka. "Dada, mimi sikumbuki kitu. Nakumbuka kitenge tu, kile cha ndege. Nimelala nacho mpaka darasa la tatu. Kilikuwa kinanukia mama."

Nikamwambia mtandao unasumbua. Nikakata.

Basi huyo ndiye mama aliyekaa jikoni kwangu anamenya viazi na kuomba kitenge. Na nyumba anayotaka kumpeleka Ayubu ni ileile. Bibi alishafariki, mama ndiye anaishi pale sasa. Mianzi bado ipo.

"Ayubu haendi," nikasema.

"Mama Ayubu, unamchelewesha mtoto. Ana karibu miaka miwili, mdomo wake uko kwenye titi kama kupe."

"Haendi. Na baba yake nitaongea naye mwenyewe."

"Mbona wewe ulikaa kule? Ulikufa?"

Nikaepua sufuria. Nikamwambia yote. Ndoo, mianzi, Jumamosi, miguu niliyoisugua kwa jiwe. Sauti yangu ilifika kwa jirani, Mama Hepi, nikasikia redio yake inapunguzwa. Mama aliendelea kumenya, ganda jembamba refu, hainui macho, kama bibi na mahindi yake.

"Neema alikuwa amekung'ang'ania wewe," akasema mwishoni. "Ningewachukua wote, angebaki wako. Mimi ningekuwa nani? Na bibi yako hakuwa na wa kumchotea maji."

"Ungeniambia."

"Ningekuaga, ningeshindwa kuondoka."

"Basi ungeshindwa!"

Kiazi alichoshika kilikuwa kimebaki kama gololi. Akakitupa kwenye maji. Kisha akainua uso, na mama yangu ni mtu ambaye ukimchoma lazima akuchome.

"Na wewe je? Nina siku sita hapa. Kila asubuhi unatokaje? Mama Hepi anamwita mtoto akaone kuku, wewe unapita mlango wa nyuma, viatu mkononi kama mwizi. Usiniambie mimi habari za mianzi."

Nilitaka kujibu. Nilifungua mdomo, nikaona mlango wa nyuma. Ni kweli. Tangu nianze kazi kwenye chumba cha mafundi cherehani pale sokoni, miezi mitano, natoka hivyo. Nilijiambia naepusha kilio. Mama Hepi ananipungia mkono kwa nyuma ya kichwa cha mwanangu, mimi nachungulia, nakimbia peku hadi barabarani. Ayubu anageuka, njia ni tupu. Mara ngapi, mia? Na kuna asubuhi nilikuwa natabasamu, kwa jinsi tulivyompata.

Nilimchukia mama wakati ule kwa kuwa sahihi kwenye jambo hilo moja.

Kesho yake nilivaa viatu ndani. Nikachuchumaa mbele ya Ayubu. "Mama anakwenda kazini. Unabaki na bibi na Mama Hepi. Jua likifika pale kwenye bati, narudi." Akanielewa sana. Akajitupa chini. Akanishika sketi, nikamfungua kidole kimoja kimoja, nikatoka kwa mlango wa mbele huku nyumba nzima inatetemeka kwa kilio. Mama akasema kutoka dirishani, "Unamliza mtoto bure!" Nilimsikia Ayubu mpaka kwenye mashine ya kusaga. Niliharibu kola mbili asubuhi ile. Jioni alinipokea na kofi la shavu, kisha akanyonya mpaka akasinzia. Siku ya pili alilia hadi kwenye duka la kona tu. Ziwa ataacha akiwa hapahapa, mbele yangu, tukigombana macho kwa macho.

Jumamosi ikafika. Kitenge nilimpa mama usiku wa kuamkia siku hiyo. Kipya, kutoka dukani, bado kigumu kwa gundi, kinanukia karatasi. Alikinusa, nilimwona, akakikunja kwenye begi. Alfajiri alikuwa ameshajifunga, ananyemelea mlango, Ayubu amelala.

"Acha nitoke kabla hajaamka," akanong'ona.

"Hapana, mama. Mwage mtoto."

"Atalia."

"Na alie."

Nikamwamsha. Mama akasimama na begi mkononi, mkubwa na mnyonge, kama mtu aliyeitwa mbele ya kanisa bila kujiandaa. "Bibi anaondoka," akamwambia. "Anakwenda kijijini. Kwaheri, Ayubu." Ayubu, na usingizi wake, akampungia mkono. Hakulia. Pengine kwa kuwa mimi nilikuwa nimembeba.

Mama akafungua mlango. Baridi ikaingia. Akasimama kwenye kizingiti kwa muda, mgongo kwetu, nikadhani amesahau kitu. Kisha akageuka, akanitazama mimi.

"Na wewe, mwanangu. Kwaheri. Naondoka."

Sijamsamehe, na asije mtu akaniambia mama ni mama. Lakini hakuwahi kunitamkia hivyo, na mimi ambaye siku ile kilimani nilimwambia silii, mimi siyo Neema, nililia kwa sauti, mlango wazi, mpaka Ayubu akavuta ncha ya kitenge nilichojifunga akaanza kunifuta nacho uso.